Maswali na Majibu ya Ushairi: Mshororo Unaorudi na Mapenzi ya Echo

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimezoea kutunga tarbia, na kibwagizo hakinipi taabu. Sasa nataka kutunga kwa umbo la Kifaransa liitwalo vilaneli, nisimulie Echo, yaani Mwangwi, wa hadithi za Kigiriki, alivyompenda kijana Narcissus naye asipendwe. Mishororo yangu miwili ya kurudiarudia ni “Moyo wangu waumia” na “usiku kucha nalia”. Nikifika ubeti wa tatu shairi linazima, narudia tu bila kuongeza kitu. Kosa liko wapi: kwenye vina, kwenye mizani, au umbo lenyewe halikubali Kiswahili? Na nitumie mizani mingapi?

JIBU: Marahaba. Mizani yako ni sawa, nane na nane, na vina vimekaa. Umbo nalo linakubali Kiswahili vizuri mno, kwa sababu nitakazoeleza. Kosa liko kwenye sarufi ya mishororo yenyewe. “Moyo wangu waumia” ni sentensi iliyokwisha. Haina pa kushikwa mbele wala nyuma, kwa hiyo kila inaporudi inasema kilekile, kwa mtu yuleyule. Na “usiku kucha nalia” ni malalamiko yaleyale kwa maneno mengine, kwa hiyo kwa kweli una mshororo mmoja, si miwili.

Kwenye tarbia hilo halionekani sana. Kibwagizo cha tarbia kina mishororo mitatu mbele yake ya kukiandalia njia, kisha msikilizaji anapumzika pale. Kwenye vilaneli kuna mishororo miwili tu ya kuandaa, na marejeo ni mengi. Hebu tuhesabu. Shairi lina mishororo 19: beti tano za mishororo mitatu na ubeti wa mwisho wa minne. Mshororo wa 1 unarudi kuwa wa 6, wa 12 na wa 18. Mshororo wa 3 unarudi kuwa wa 9, wa 15 na wa 19. Kwa hiyo mishororo 8 kati ya 19 ni ya kurudia, na unayotunga upya kwa jumla ni 13 tu. Vina ni viwili: kimoja ni cha mishororo ya kwanza na ya tatu ya kila ubeti, kingine ni cha mishororo ya kati, na mshororo wa nne wa ubeti wa mwisho unafuata kina cha kwanza. Umbo hili lilikuja kushikwa kama kanuni kutokana na shairi la Mfaransa Jean Passerat, lililochapishwa 1606, la mtu aliyempoteza hua wake. Si umbo la Kigiriki, lakini Wagiriki walikuwa na kibwagizo cha mapenzi yasiyojibiwa zamani sana. Katika karne ya 3 KK, mshairi Mgiriki Theocritus alitunga shairi la Simaetha, mwanamke aliyetelekezwa na Delphis. Kwanza anaimba kibwagizo cha uganga akikiambia chombo chake cha kuzungusha kimvute mwanamume yule arudi nyumbani. Akishamtuma mjakazi wake na kubaki peke yake, anakiacha kibwagizo hicho na kushika kingine, anamwambia Mwezi asikie mapenzi yake yalikotoka. Maana yake, hata hapo zamani kibwagizo kilikuwa na kazi, na kazi ikibadilika kibwagizo nacho kilibadilika.

Sasa turudi kwa Echo. Kisa chake kinachojulikana zaidi kiko kwa Ovid, mshairi wa Roma aliyeandika kwa Kilatini, katika kitabu cha tatu cha Metamorphoses, kazi iliyokamilika mwaka 8 BK hivi. Juno, malkia wa miungu, ambaye kwa Wagiriki ni Hera, alimwadhibu Echo kwa sababu alikuwa akimshughulisha kwa maongezi marefu ili mumewe Jupiter apate nafasi ya kuwa na wasichana wa milimani. Adhabu ilikuwa hii: asiweze kuanza kusema, wala kunyamaza mwingine anaposema, bali arudie mwisho wa maneno aliyoyasikia. Ndiyo maana “Moyo wangu waumia” haimfai hata kidogo. Echo hawezi kusema hivyo mpaka mtu mwingine aseme kwanza. Ukimpa malalamiko yake mwenyewe, umemponya adhabu, na kisa kimekufa kabla ya ubeti wa pili.

Hapa ndipo Kiswahili kinapokupa zawadi. Narcissus, kijana wa miaka 16, amepotezana na wenzake mwituni, anaita. Nikitoa maana tu, si neno kwa neno, anasema “Tukutane huku, tukutane”, naye Echo anajibu kwa furaha “Tukutane!” Anapomkimbilia amkumbatie, Narcissus anarudi nyuma: “Afadhali nife kuliko unipate.” Echo anajibu “Unipate.” Tazama kilichotokea. Kitenzi chenye -e mwishoni kikiwa nyuma ya “kuliko” ni sehemu ya kukataa. Ukikikata na kukisimamisha peke yake, kinakuwa ombi. Ni vivyo hivyo kwa “Sitaki uniguse”: kata kichwa, kinachobaki ni “Uniguse”. Kiswahili huweka ukanushaji mwanzoni, na mwangwi hula mwanzo. Kwa hiyo mshororo wako wa kwanza wa kurudia uwe na kitenzi cha namna hiyo, ili wenyewe usibadilike hata herufi, ila mshororo uliotangulia uugeuze.

Zawadi ya pili ni kiambishi a-. Ukisema “hasikii”, hujasema ni mwanamume au mwanamke. Kifaransa, lilikozaliwa umbo hili, kingekulazimisha uchague. Kwa Kiswahili “hasikii” ni Narcissus asiyemsikia Echo, na baadaye, bila kugusa neno, ni ile sura yake mwenyewe aliyoiona majini akaipenda, isiyomsikia Narcissus. Kisa chenyewe kimejengwa hivyo: aliyekataa kupenda anampenda asiyeweza kumjibu. Mshororo wako wa pili uchukue kazi hiyo.

Nimekutungia mfano uone viungo vinavyofanya kazi. Kila mshororo una mizani 8. Kina cha kwanza ni -ngu, cha kati ni -ma.

MWANGWI

Uniite, uje kwangu,
mwituni namuandama,
hasikii neno langu.

Nimefungwa kwa uchungu,
sijui kuanza sema
“uniite, uje kwangu”.

Mwisho wake ndilo fungu
nipewalo akihema;
hasikii neno langu.

“Heri kifo, heri pingu,
kuliko kwa neno jema
uniite, uje kwangu.”

Kisimani kama mbingu
alia akiinama:
“Hasikii neno langu.”

Mwili mawe, jasho wingu,
sauti inasimama:
uniite, uje kwangu,
hasikii neno langu.

Fuata mshororo wa kwanza peke yake. Mara ya kwanza ni ombi. Mara ya pili ni maneno ambayo Echo hawezi kuyatamka. Mara ya tatu yamo kinywani mwa Narcissus, nayo ni tusi. Mara ya nne hayana mwili tena, ni sauti ya mwambani. Ovid anasema mifupa ya Echo iligeuka mawe na majimaji ya mwili yakapotelea hewani. Mshororo wa pili nao: katika ubeti wa tatu umeongeza jambo, kwamba hata Narcissus akisikia, anachosikia ni mwisho wa maneno yake mwenyewe, si neno la Echo. Katika ubeti wa tano msemaji amebadilika.

Alama za uandishi ndizo zilizofanya nusu ya kazi. Nukta pacha, alama za kunukuu na mkato vinaruhusiwa kubadilika kila mara; maneno yasiguswe. Ukishindwa kabisa, badilisha neno moja, mara moja, na iwe karibu na mwisho. Ukianza kulegeza katika ubeti wa pili, msikilizaji hatajua kinachorudi ni nini.

Namna ya kuanza: anza mwisho. Andika mshororo wa 18 na wa 19, kwa kuwa ndipo pekee mishororo miwili ya kurudia inapokutana. Isiposhikana hapo, hakuna utakachofanya juu kitakachokuokoa. Kisha usitunge beti kwa mpangilio. Tunga mishororo ya kati ya ubeti wa pili, wa tatu, wa nne na wa tano, kwa maana hiyo ndiyo inayousukuma mshororo unaorudi. Kila mmoja uishie njiani: kwa kitenzi kinachodai maneno (“sijui kuanza sema”), kwa kauli ya “kuliko” isiyokwisha, au kwa nukta pacha. Mshororo wa kati ukiishia kwa nukta kamili, kibwagizo kinasimama peke yake, na mtu anasikia kwamba umekirudia kwa sababu kanuni imekuamuru. Ubeti wa kwanza uje baadaye, utajipa wenyewe.

Kuhusu vina, shida ya Kiswahili ni wingi, wala si uchache. Kina cha -a kama chako kinaingia vitenzi vingi mno, kwa hiyo sikio halikihesabu. Chagua silabi yenye konsonanti nzito. Nami nilipochagua -ngu nilijua mtego wake: yangu, wangu, changu, zangu. Mishororo ya kurudia imekwisha kula “kwangu” na “langu”, kwa hiyo mishororo mitano iliyobaki nimeilazimisha ishike nomino: uchungu, fungu, pingu, mbingu, wingu. Kabla hujatunga, orodhesha maneno kumi kwa kila kina, ufute vimilikishi vyote na vyote vyenye -ni ya mahali. Yakibaki chini ya matano, badili kina mapema. Ukigundua upungufu katika ubeti wa nne, utaanza kuingiza maneno yasiyo na kazi.

Mizani: kwa kisa hiki shika 8. Shairi la mizani 16 lenye vina vya kati na vya mwisho ni zuri kwa tarbia, lakini kurudia mishororo miwili ya mizani 16, kila mmoja mara nne, kunaelemea, na mwangwi ni kitu kifupi. Hesabu kwa sikio. “Mbingu” ni mizani mbili, kwa kuwa mb inatamkwa pamoja, lakini “mpenzi” ni tatu kwa sababu m inasimama peke yake. Wengi wanakosea hapo na kupata 9. Inkisari, yaani kufupisha neno ili mizani itoshe, itumie kwenye mshororo unaopita mara moja tu, kama nilivyokata “kusema” kuwa “sema” katika mshororo wa 5. Usiiweke kwenye mshororo unaorudi, maana kilema kidogo kikisikika mara nne kinakuwa kikubwa. Majina nayo yaache kwenye kichwa cha shairi au maelezo. “Narcissus” lina silabi zinazofungwa na konsonanti. Kila msomaji atalitamka kwa mizani yake, na hesabu yako itavunjika.

Jihadhari na njeo pia. Mshororo unaorudi wenye “ali-” umefungwa jana, hauwezi kuwa ombi wala kitisho. Kitenzi chenye -e, au ukanusho wa sasa kama “hasikii”, hauna tarehe. Ngeli nazo zinaweza kukusaidia: “Yamekwenda yasirudi” yaweza kuwa maji katika ubeti mmoja, maneno katika mwingine na mapenzi katika wa tatu, yote ni ya-. Huo ungekuwa mshororo mzuri kwa yeyote anayetunga juu ya kisima cha Narcissus.

Kama utapenda kisa kingine, usilazimishe vilaneli kila mahali. Mungu Apollo akimkimbiza msichana Daphne, mmoja amechomwa mshale wa dhahabu wa kupenda na mwingine wa madini ya risasi wa kukimbia mapenzi, ni mbio; hapo pantumu, yenye asili ya Kimalei, inafaa zaidi, maana mshororo wa 2 na wa 4 wa kila ubeti unakuwa wa 1 na wa 3 wa ubeti unaofuata, kila hatua inakanyaga ya nyuma yake. Jitu Polyphemus anayemwimbia Galatea, binti wa baharini, ufukweni, katika shairi jingine la Theocritus, ni la tarbia yako uliyoizoea: anaimba, bahari haimjibu, na kuimba kwenyewe ndiko dawa yake. Kibwagizo kimoja kisichogeuka ndicho haki yake.

Ukimaliza rasimu, mpe mtu mwingine asome mishororo inayorudi tu, akiwa upande wa pili wa chumba, nawe usome mingine bila kumtazama. Pale atakapoingia na wewe ukahisi hukumhitaji, mshororo wako wa kati uliotangulia umefunga mlango. Urekebishe huo, kibwagizo ukiache.