Kabla hujanunua feni mpya, tazama joto linavyopanda

Mwezi wa pili mwaka jana kompyuta yangu ya stesheneri, hapa Mbagala, ilianza kujizima. Mteja amesimama na flashi yake, barua ya maombi ya kazi imefika nusu, mara skrini nyeusi, na umeme upo. Fundi wa kwanza aliigusa ubavuni tu, akasema bodi imekufa, nitafute mashine nyingine. Hela ya mashine nyingine sikuwa nayo.

Yangu ni desktop ya mtumba yenye Core i5-3470, prosesa (ubongo wa kompyuta) ya mwaka 2012. Kwa kuchapa na kuskani bado inanitosha kabisa.

Nilichofanya ni kupakua Core Temp, programu ya bure inayosoma joto la prosesa, nikaiacha wazi huku nikichapisha faili kubwa. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo natamani kila mwenye mashine ya zamani alijue: usiangalie namba peke yake, angalia inavyopanda. Joto likipanda polepole, robo saa nzima, mpaka nyuzi 85 au 90, hewa haipiti vizuri. Hapo shuku vumbi, feni iliyochoka, au kasha lililobanwa ukutani. Lakini likiruka kutoka 55 hadi 97 ndani ya sekunde chache, joto halitoki kwenye prosesa kwenda kwenye hitisinki, lile pande la chuma lenye mapezi linalokaa juu yake kuipooza, na feni mpya haitakusaidia. Langu liliruka.

Nikachomoa waya wa umeme, nikabonyeza kitufe cha kuwasha ili umeme uliobaki ndani uishe, nikagusa bati la kasha, ndipo nikaingiza mkono. Vumbi lilikuwa limelala juu ya mapezi ya hitisinki kama kipande cha blanketi. Nililinyanyua kwa vidole viwili. Chini yake ndiko kulikokuwa na tatizo lenyewe. Kati ya zile pini nne za plastiki zinazoshika hitisinki, moja ilikuwa imechomoka, hitisinki imeinama upande. Pesti, ule uji unaopakwa kati ya prosesa na hitisinki ili joto lipite, ilikuwa ngumu, inabanduka kama chokaa ya ukuta wa zamani.

Pesti ya zamani niliifuta kwa pamba na spiriti ya duka la dawa, nikaacha pakauke. Mpya niliipata Kariakoo kwa shilingi 6,000. Weka katikati kiasi cha punje ya choroko, hitisinki yenyewe itaitandaza. Pini zizungushe kinyume cha mshale uliochorwa juu yake, kisha zikandamize kwa mshazari, mbili mbili, mpaka usikie kila moja ikilia. Halafu chungulia nyuma ya bodi uhakikishe zote nne zimetokeza. Usiiruke hatua hii, tafadhali.

Wapo wanaoshauri dawa ya meno badala ya pesti. Ina maji, na maji yakishakauka unarudi ulikotoka. Na kama prosesa yako ni ya kampuni ya AMD, yenye miguu (pini) chini yake, iache mashine iwake dakika kadhaa kabla ya kufungua ili pesti ilainike, kisha izime na uzungushe hitisinki taratibu. Ukiivuta kwa nguvu, prosesa inaweza kung'oka pamoja nayo na miguu ikapinda.

Vumbi lipulize kwa blowa huku umeshika feni kwa kidole, isizunguke kwa kasi isiyo yake. Feni inayokoroma, ikiwa kibandiko chake kinabanduka, itie tone moja la mafuta ya cherehani chini ya kibandiko hicho. Yangu imetulia tangu hapo. Wapo pia wanaoacha kasha wazi ili lipoe; mimi sikubaliani nao: barabara yetu ni ya vumbi, na kuna mashine ambazo hewa yake inaongozwa na koti la plastiki kutoka mbele, ukilitoa unaharibu njia.

Kama bado inachemka, ingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, ile ya ndani kabisa, ushushe kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Kasi ya prosesa yangu ikawa haivuki tena 3.2 GHz kwenda 3.6, na katika kuchapa barua sijaona tofauti yoyote.

Saa nane mchana chumba changu kinafika nyuzi 32, na hakuna feni inayoweza kuipooza prosesa chini ya joto la chumba. Kwa hiyo nimeitoa mashine sakafuni, nikaiweka juu ya stuli, kiganja kimoja kutoka ukutani. Sasa inasoma 46 ikipumzika na 71 foleni ikiwa ndefu.