Kinyundo kinasema neva ni nzima, mbona paja halina nguvu?

SWALI: Habari daktari. Mimi ni mama wa miaka 36, nauza vitambaa sokoni Busia, Uganda. Goti la kulia linaniuma tangu mwaka jana, hasa nikishuka ngazi au nikiinuka baada ya kumpigia magoti mama mkwe. Paja la upande huo limepungua, na siku nyingine goti linaniachia ghafla. Hospitalini walinigonga kwa kinyundo, mguu ukaruka, wakasema neva ni nzima. Kama ni nzima, nguvu imekwenda wapi? Vidonge vya neva nimenunua mara tatu.

JIBU: Mama, pole sana. Waliokupima hawakukosea, ila kipimo kile hujibu swali moja tu. Kinyundo kikigonga kano iliyo chini ya pia ya goti, msuli wa mbele wa paja huvutwa ghafla, habari hukimbilia kwenye uti wa mgongo kiunoni, na amri hurudi papo hapo: mguu unaruka kabla hujafikiri. Erb na Westphal, madaktari wa Ujerumani, waliieleza refleksi hiyo mwaka 1875. Inatuambia njia iko wazi. Haituambii ni nyuzi ngapi za msuli zinaitwa kazini unapojaribu kuinuka na mzigo.

Wewe unaijua barabara ya mpakani. Inaweza kuwa haina shimo hata moja, na bado malori yakapita machache kwa sababu geti limefunguliwa nusu. Goti lenye maumivu au uvimbe hufanya hivyo hivyo. Hupeleka habari za hatari kwenye uti wa mgongo bila kupumzika, na uti wa mgongo hupunguza amri kwa msuli wa paja ili kulikinga goti. Unakaza kwa moyo wote, msuli unaitika nusu. Si uvivu, na usikubali mtu akuambie hivyo.

Mwaka 1984 watafiti walitia maji ya chumvi ndani ya magoti mazima, wakapima refleksi kwa umeme mdogo. Mililita 20 hadi 30, yaani kama vijiko vinne hadi sita vya chai, zilitosha kuipunguza katika msuli wa ndani wa paja, ule unaosaidia kuishikilia pia ya goti isivutwe upande wa nje. Sehemu nyingine za paja zilihitaji 50 hadi 60. Ndiyo maana hata uvimbe usioonekana kwa macho naupima kwa mkono.

Maumivu ya mbele ya goti huwapata wanawake zaidi ya wanaume. Nikimpima mwenye dalili kama zako sikomei gotini: mara nyingi misuli ya makalio nayo ni dhaifu, paja linaingia ndani kila anaposhuka ngazi, na pia ya goti inabanwa.

Basi fungua geti kwanza. Funga barafu kwa kitambaa, zungushia goti dakika 20 (usifanye hivyo kama ngozi ya hapo imekufa ganzi). Baridi hupunguza kile kizuizi kwa muda, kwa hiyo fanya mazoezi mara tu baada yake. Kaa mkekani, mguu umenyooka, weka leso iliyokunjwa chini ya goti, ikandamize kwa goti, hesabu hadi tano, achia. Rudia mara kumi. Kisha lala ubavu wa kushoto, inua mguu wa kulia ukiwa umenyooka, kwa ajili ya makalio. Maumivu kidogo yanavumilika. Yakizidi hadi kesho yake, punguza. Hesabu wiki 6 hadi 12, si siku tatu.

Mama mkwe mweleze ukweli, umsalimie umeketi kwa muda huu. Nina hakika heshima haitapungua.

Vidonge vya neva acha kununua, isipokuwa vipimo vimeonyesha una upungufu. Havilegezi kizuizi hiki. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, kwako Mbale, uulize kitengo cha fiziotherapia. Lakini goti likivimba na homa, likikwama lisinyooke, au paja likifa ganzi, usisubiri barafu wala mazoezi: nenda siku hiyo hiyo.