Maswali na Majibu: Magwanda na Sharia Sudan

Niliandika kwamba watawala wa kijeshi wa Sudan waliigeuza sharia ngao ya madaraka. Wasomaji wameuliza, najibu.

Rais Jaafar Nimeiri alikuwa mcha Mungu kweli, au siasa tu? (Msomaji, Tanga)

Ya moyoni anayajua Mungu. Mimi natazama kalenda. Alipoipindua serikali Mei 1969 alishikana mikono na wakomunisti. 1971 akamnyonga kiongozi wao, Abdel Khaliq Mahjub. Sharia aliikumbuka Septemba 1983, uchumi umeyumba na kusini kumeshawaka. Pombe ikamwagwa Nile, wezi wakakatwa mikono hadharani katika gereza la Kober. Nitajieni waziri mmoja aliyekatwa.

Mahmoud Mohamed Taha, yule mwanafikra wa Kiislamu, aliritadi (aliuacha Uislamu), akanyongwa. Tatizo liko wapi? (Mombasa)

Umeisoma karatasi iliyomponza? Ilitoka Desemba 1984, nayo ilidai mambo ya kawaida kabisa: sheria za Septemba zifutwe, vita vya kusini visimame, watu waachwe wajadiliane. Kuritadi kuko wapi humo? Kesi ilianza kwa makosa dhidi ya dola. Uritadi ulibandikwa kwenye rufaa, maana mpinzani akishaitwa kafiri hata jirani yake huogopa kumtetea. Mzee wa miaka sabini na ushei alinyongwa Kober tarehe 18 Januari 1985, maiti ikapakiwa kwenye helikopta, ikazikwa jangwani pasipojulikana. Miezi mitatu haikutimia, Nimeiri naye akapinduliwa. Mwaka 1986 Mahakama ya Juu ikaibatilisha hukumu. Marehemu hafufuliwi kwa rufaa.

Brigedia Omar al-Bashir alipotwaa madaraka 1989 alimfunga Hassan al-Turabi, kiongozi wa wanasiasa wa Kiislamu. Mbona unasema walikuwa kitu kimoja?

Maigizo. Turabi alikiri mwenyewe baadaye: alimwambia Bashir aende ikulu kama rais, yeye aende jela kama mfungwa.

Kwa hiyo wewe unapinga sharia?

Swali hili naletewa kila mara na watu wasiosoma hadi mwisho. Ninachopinga ni magwanda kujifunika sharia. Bashir alivunja vyama vyote na kufunga magazeti. Wapinzani wakateswa katika majumba ya siri ambayo Wasudani waliyaita nyumba za mizimu. Sadiq al-Mahdi, waziri mkuu aliyepinduliwa na kutiwa ndani, ni kitukuu cha Mahdi, kiongozi wa dini aliyeitawala Sudan karne ya kumi na tisa. Naye alihitaji kufundishwa Uislamu na brigedia?

Sisi yanatuhusu nini? (Nakuru)

Kambi ya wakimbizi ya Kakuma iko nchi gani?

Hukumu ya kifo kwa uritadi bado ipo?

Serikali ya mpito, iliyokuja baada ya Bashir kuangushwa 2019, iliifuta Julai 2020. Oktoba 2021 wanajeshi wakaipindua serikali hiyo, kwa hiyo usinitake nikuapie kuhusu kesho.