Karatasi inayoonyesha mgongo: opasite inapimwaje?

SWALI: Jambo, fundi. Nina imprimeri ndogo Birere, hapa Goma. Nachapa vitabu vya nyimbo vya kwaya pande zote mbili, na maneno ya nyuma yanaonekana mbele. Muuzaji anasema karatasi ni gramu 80 kwa mita ya mraba, iko sawa. Mimi nikiiinua dirishani, mwanga unapita. Opasite, yaani uwezo wa karatasi kuficha kilicho nyuma yake, inapimwaje, na bila mashine nifanye nini?

JIBU: Jambo, ndugu. Kwanza achana na dirisha. Karatasi yoyote ya kuandikia ukiielekeza kwenye mwanga itapitisha nuru, na wanakwaya wako hawaimbi wakiwa wameinua kitabu juani. Opasite hupimwa kwa nuru inayorudi, si inayopita. Kwa kanuni ya kimataifa ya ISO 2471 mashine inapima mara mbili: karatasi moja juu ya kitu cheusi tititi, halafu fungu nene la karatasi za aina hiyohiyo. Jibu la kwanza unaligawa kwa la pili. Ikirudi nuru 72 juu ya cheusi na 80 kwenye fungu, opasite ni asilimia 90. Ile tofauti imemezwa na cheusi.

Wewe chapa mistari minene myeusi, ifunike kwa karatasi moja tupu, kivulini karibu na mlango. Weka za wauzaji wawili bega kwa bega. Namba hupati, ila utajua ipi ya kununua. Na kama mistari haionekani chini ya karatasi tupu, lakini ukurasa uliochapwa una madoa mgongoni, basi ni wino uliozama. Punguza wino, muuzaji usimlaumu.

Gramu zipime kwa mizani ya sokoni: rame, yaani pakiti ya karatasi 500, ya A4 za gramu 80 inakaribia kilo 2.5. Ikija kilo 2.2, umeuziwa za 70. Ila uzito peke yake hautoshi. Kinachotawanya nuru ni mipaka kati ya nyuzi na hewa, pamoja na unga wa chokaa unaotiwa kiwandani. Tazama karatasi iliyofungiwa mandazi: mafuta yakishajaza nafasi za hewa, unasoma kilicho chini yake, na imezidi uzito! Weupe nao unadanganya. Karatasi ya gazeti ni nyepesi, ina ukijivu, lakini inaficha vizuri, na sababu mojawapo ni kwamba rangi yake yenyewe inakula nuru.

Kwa nyimbo za kwaya, mimi ningechukua ile yenye umanjano kidogo.