Ulinzi wa Nyumbani, na Ndimi Zetu Mtu Anapotekwa

Tarehe 21 Novemba 2017, Azory Gwanda, mwandishi wa habari wa Kibiti aliyekuwa akiliandikia gazeti la Mwananchi, alimfuata mkewe shambani. Hakuwa peke yake. Alikuwa na watu wengine ndani ya Land Cruiser nyeupe. Aliuliza ufunguo wa nyumba uko wapi, akamwambia mkewe kwamba amepata safari ya dharura, na kama hatarudi siku ile basi atarudi kesho yake. Mama yule aliporudi nyumbani alikuta vitu vimepekuliwa. Mumewe hajarudi mpaka leo.

Azory alikuwa ameandika sana kuhusu mauaji yaliyozikumba Kibiti, Mkuranga na Rufiji miaka ile, na kila mtu ana lake la kusema juu ya nani alimchukua na kwa nini. Ukiyaweka pembeni yote yanayosemwa, kinachobaki mkononi ni maelezo ya mkewe: aina ya gari, rangi yake, maneno aliyoambiwa, habari ya ufunguo. Vitu alivyoviona kwa macho yake na kuvisikia kwa masikio yake. Sisi wengine tumeongeza maneno tu, na hata wakubwa hawakusalimika. Julai 2019 Profesa Palamagamba Kabudi, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje, aliiambia BBC kwamba Azory alitoweka na kufariki, kisha akasema hakueleweka vizuri. Hebu fikiria uko nyumbani na watoto wa mtu huyo, halafu unasikia hayo redioni.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tabata, Dar es Salaam, na nimekuwa kwenye kamati ya ulinzi shirikishi ya mtaa wetu kwa muda mrefu. Watu hunijia kuniuliza waweke kamera gani, ukuta uende kozi ngapi, walinzi watoke kampuni ipi. Huwa nawajibu kwa swali: mwanao au mumeo asiporudi leo jioni, nani ndani ya nyumba yako ataweza kusema alivaa nini, aliondoka saa ngapi, na alikuwa anakwenda wapi na nani? Kwangu, ulinzi unaanzia hapo.

Mfanyabiashara Mohammed Dewji, anayejulikana kama Mo, alipotekwa alfajiri ya tarehe 11 Oktoba 2018, mtaani kwetu mafundi wa uzio wa umeme walipata kazi mwezi mzima. Lakini Mo hakutekwa nyumbani. Alikuwa amefika hoteli ya Colosseum, Oysterbay, kufanya mazoezi, akiwa peke yake kwenye gari lake. Ukuta wa nyumba yake ungekuwa mrefu kama mnazi usingemsaidia pale. Aliyemvizia alihitaji kujua jambo moja tu, kwamba mtu huyu huja mahali hapa saa hizi. Kujua ratiba ya mtu hakuhitaji ngazi wala kukata nyaya. Kinachotakiwa ni subira, na mara nyingi sisi wenyewe tunairahisisha kazi hiyo kwa kupiga picha kila asubuhi na kuziweka kwenye stetasi: niko gym, nampeleka binti shule, tumefika kanisani.

Nyumbani kwangu tuliingiliwa na wezi mwaka fulani. Hawakuvunja geti, wala hawakuruka ukuta upande wenye taa. Walikuja katika ule muda mfupi ambao mlinzi wa usiku ameshaondoka na sisi hatujaamka, wakapitia dirisha la jiko. Kwa hiyo walikuwa wanajua. Tangu siku ile kwetu mlinzi haondoki mpaka mtu wa ndani atoke na kusalimiana naye. Ni jambo dogo lisilo na gharama. Pia tuliacha kutoka kwa mpango uleule kila siku: mara natangulia mimi, mara baba watoto, njia tunabadilisha, na tukirudi usiku gari linasimama kwanza pembeni mpaka geti lifunguliwe na tuone hakuna anayetufuata. Dakika ile ya kusubiri geti ukiwa umefungua kioo na unaongea na simu ndiyo ninayoiogopa kuliko usiku mzima.

Kuhusu nondo za madirisha, niseme kwa haraka: weka, lakini hakikisha angalau dirisha moja kila chumba cha kulala lina nondo zinazofunguka kwa ndani, na ufunguo unajulikana ulipo hata na mtoto. Moto hausubiri fundi.

Kamera nazo zina mambo yake. Wengi wananunua, wanafungiwa, basi. Saa ya mashine ya kurekodia haijawahi kurekebishwa, kwa hiyo siku polisi wanahitaji picha ya saa mbili usiku, mashine inasema saa tisa mchana ya mwaka mwingine. Mashine yenyewe inakaa sebuleni chini ya televisheni, na mwizi anaondoka nayo pamoja na ushahidi wake. Umeme ukikatika hakuna betri. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mashine nyingi hufuta picha za zamani ili kupata nafasi ya kurekodi mpya. Likitokea tukio mtaani, usingoje wiki. Siku hiyohiyo nakili picha za saa zile, hata kama unadhani kamera yako haikuona kitu. Gari lililopita mbele ya geti lako linaweza kuwa ndilo. Katika tukio la Mo, tarehe 19 Oktoba, Mkuu wa Jeshi la Polisi wakati ule, Simon Sirro, aliwaonyesha wananchi picha ya gari iliyopatikana kwenye kamera. Alfajiri iliyofuata Mo aliachiwa kwenye viwanja vya Gymkhana. Kama picha ile ndiyo iliyowatisha watekaji, mimi siwezi kusema. Ninachojua ni kwamba picha ya gari ni kitu ambacho mpelelezi anaweza kukifanyia kazi.

Sasa dada wa kazi. Tunamwachia nyumba na watoto, halafu hatumwambii lolote. Kwetu dada anajua nani anaruhusiwa kuingia na nani anaongelea getini. Anayesema ni fundi wa umeme au wa maji anasubiri nje mpaka nipigiwe simu, na hakuna atakayemgombeza dada kwa kumsubirisha mgeni, hata kama ni mjomba wangu. Watoto wamefundishwa kutomwambia mtu yeyote getini kwamba mama hayupo. Na tuna neno letu la siri: anayekuja kumchukua mtoto shuleni kwa niaba yangu lazima alitaje, asipolitaja mtoto anarudi kwa mwalimu. Bodaboda anayewapeleka namfahamu, nina picha yake na namba za pikipiki yake, na yeye anajua kwa nini ninazo. Hajachukia. Alisema afadhali, maana likitokea la kutokea kuna atakayemtetea.

Maneno yake hayo nimeyashika, kwa sababu mtu akipotea, wa kwanza kunyooshewa kidole huwa ni dada, mlinzi au bodaboda.

Kuna mwaka binti mmoja wa mtaani kwetu hakuonekana tangu mchana. Kufika magharibi, kundi la WhatsApp la mtaa lilikuwa limeshapata mtekaji: fundi seremala aliyehamia karibuni, asiye na mke, anayewapa watoto vipande vya mbao wachezee. Mmoja alisema alimwona akiongea na mtoto. Wa pili akasema alimwona akimshika mkono. Wa tatu akaandika kwamba mtoto amefichwa kwenye karakana. Kila mmoja aliongeza kidogo juu ya mwenzake, wala hakuna aliyekuwa anadanganya kwa makusudi. Tulipofika kwa fundi, vijana walikuwa wameshakusanyika na mawe. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa alimtia kwenye gari lake akampeleka kituoni, kwa usalama wake. Usiku ule mtoto akapatikana Mbagala kwa bibi yake; alikuwa ametoroka baada ya kuchapwa. Fundi alihama wiki ileile. Hakuna aliyemwomba radhi kwa sauti ile ile aliyomtuhumu nayo.

Yeye alipona. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, watafiti wawili wa kilimo kutoka kituo cha Selian cha Arusha na dereva wao waliuawa na wanakijiji kwa sababu lilitangulia neno kwamba ni wanyonya damu. Walikuwa wamekwenda kufanya utafiti wa udongo. Watu waliowaua hawakujiona wauaji. Walijiona wanalinda watoto wao. Ndiyo maana siwezi kulichukulia kirahisi kundi la mtaa linapoanza kusema inasemekana.

Wala msidhani ni ujinga wa vijijini. Mei 2007 mtoto wa Kiingereza, Madeleine McCann, alitoweka kutoka nyumba ya mapumziko huko Praia da Luz, Ureno, wazazi wake wakiwa wanakula mgahawani karibu na hapo na mlango wa nyuma ukiwa haujafungwa kwa ufunguo. Jirani mmoja, Robert Murat, alijitolea kuwatafsiria polisi na wageni. Mwandishi wa habari akaona anajipendekeza mno, akawaambia polisi. Murat akatajwa rasmi kuwa mtuhumiwa, na magazeti ya Uingereza yakamtafuna. Mwaka 2008 polisi wa Ureno walimwondolea tuhuma, na magazeti 11 yalimlipa pauni 600,000 na kuomba radhi. Wazazi wa mtoto nao walilipwa na kampuni ya magazeti ya Express, pauni 550,000, kwa kuandikwa kwamba walimuua mtoto wao. Fedha zote hizo, na mtoto hajapatikana. Muda uliotumika kumchunguza jirani mwenye huruma ni muda aliozawadiwa yule aliyemchukua.

Kuna atakayeniuliza: tunyamaze basi? Hapana. Uvumi huota mahali ambapo wenye wajibu wa kueleza hawaelezi. Familia ya Azory ina haki ya kuuliza uchunguzi umefika wapi, na sisi tuna haki ya kuuliza pamoja nayo, mwaka hadi mwaka, mpaka tujibiwe. Kuiuliza serikali swali ni jambo moja. Kumtaja jirani kwa jina, ukaweka picha yake na ya nyumba yake, ni jambo jingine kabisa. Na ukijua kitu kweli, namba ya gari, sura, saa, kipeleke kwa mpelelezi kabla hujakipeleka kwenye kundi. Kikishapita kundini, mashahidi wote wataanza kukumbuka kitu kimoja, na hakuna atakayejua nani alikiona na nani alikisoma.

Kwa familia ambayo yamewakuta, nina machache niliyoyaona yakisaidia.

Ripoti mara moja. Ile habari ya kusubiri saa 24 isiwazuie kwenda kituoni. Nendeni, mpate RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yenu polisi, andikeni jina la askari mliyeongea naye. Akiwa ni mtoto, pigeni pia 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Kabla kumbukumbu hazijachanganyika, kila mmoja ndani ya nyumba aandike peke yake alichokiona siku hiyo, bila kusomeana. Chumba cha aliyepotea kisifagiliwe, simu yake isichezewe, shuka zisifuliwe.

Chagueni msemaji mmoja. Familia ya Dewji ilizungumza na waandishi wa habari kwa pamoja, ikatangaza zawadi ya shilingi bilioni 1 kwa atakayesaidia kupatikana kwake. Sisi wengine hatuna bilioni, lakini msemaji tunaweza kuwa naye. Na jambo hili nalisisitiza kwa sababu nimeliona kwa jirani yangu: mkishaweka namba ya simu kwenye tangazo, matapeli watapiga. Watasema tunaye, tuma laki tatu kwenye namba hii, ukichelewa tunamuua. Jirani yangu alipigiwa hivyo na watu watatu tofauti, kila mmoja akidai ndiye anaye mumewe. Kilichomwokoa ni kwamba kuna jambo moja kuhusu mumewe walikuwa hawajalitangaza, kovu lilipo mwilini. Aliwauliza. Wote walikata simu. Wekeni siri moja ya namna hiyo, iwe kwenu na kwa mpelelezi tu, na kila anayepiga aulizwe.

Tangazo lenyewe liwe fupi: picha ya karibuni, mavazi, mahali na saa alipoonekana mwisho, namba ya RB na kituo. Msiandike mnamshuku nani. Msiandike magomvi ya nyumbani. Marafiki wanaosambaza wasiongeze neno hata moja la kwao.

Na akipatikana, rudini kwenye tangazo lilelile muandike AMEPATIKANA juu ya picha yake, mlisambaze kwa nguvu ile ile, halafu muwaombe watu wafute la zamani. Mtaani kwetu kuna kijana aliyepatikana salama baada ya siku mbili, na hadi sasa anasimamishwa stendi na watu wanaoitambua sura yake kutoka kwenye simu zao, wakimuuliza kama mama yake anajua alipo.