Usimlipe huyo mwalimu wa sauti kabla hujamdanganya kwamba koo linauma

Mdogo wangu wa Moshi, USITUME HIYO LAKI MBILI. Salamu utazikuta chini huko.

Kwa wanaoingia sasa hivi: mleta uzi ni dada aliyezaliwa akaitwa mvulana, kama mimi, kapata mwalimu wa kwaya anayemwahidi sauti ya kike ndani ya mwezi mmoja, malipo yote mwanzoni. Anauliza amlipe au atafute wa Nairobi, programu za simu zinasaidia au la, na nyumbani aseme anakwenda wapi kila Jumamosi. Mimi nimekwama kwenye mstari mmoja tu aliouandika katikati: "ameniambia koo likiwaka nisiogope, ndiyo sauti inafunguka."

Huo mstari naujua. Nimeulipia, tena kwa awamu.

Wangu alikuwa huku Arusha, chumba cha nyuma ya duka la vyombo vya muziki, viti viwili vya plastiki na kinanda chenye vumbi. Siku ya kwanza hakuniuliza naitwa nani, nafanya kazi gani, wala kama nimewahi kuumwa koo. Alibonyeza do ya katikati ya kinanda, akanipa gazeti, akasema soma ukurasa wote wa michezo kwa noti hii hii, usishuke. Nikasoma. Nilijiona niko kwa mtaalamu.

Baadaye sana ndiyo nikajua ile do ni kama hezi 262, yaani mitetemo 262 kwa sekunde. Wanawake wengi wakiongea kawaida wako 180 hadi 220 hivi, wanaume wengi 100 hadi 130. Yaani nilikuwa nasoma matokeo ya Simba na Yanga juu kuliko mama yangu mzazi na mashangazi wote wakijumlishwa. Kwa koo langu, njia pekee ya kufika kule ilikuwa kubana. Shika shingo yako kwa mbele umeze mate. Hicho kinachopanda na kushuka ndiyo koromeo. Mimi nililipandisha kwa nguvu na kulishikilia huko huko juu somo zima, misuli ya chini ya kidevu imekaza mpaka naisikia kwenye masikio. Nikimwambia inauma, anacheka. "Vumilia, inafunguka." Nikirudi sauti inakwaruza, ananitafunisha tangawizi mbichi na kunimiminia ndimu.

Jamani. Unachokimeza hakigusi nyuzi za sauti. Kinapita nyuma yake, njia ya chakula. Siku kikizigusa utakohoa mpaka mwenye nyumba aje kuuliza kama kodi ya mwezi huu ipo. Ile tangawizi ilikuwa inatibu tumbo ambalo halikuwa na shida yoyote, na yeye alikuwa anaitoza kama dawa!

Sasa mimi kazi yangu ni simu. Ofisi ya utalii, napokea wageni wanaouliza bei za Serengeti na Ngorongoro. Julai ikaingia, msimu umechanganya, asubuhi moja napokea simu, nafungua mdomo, inatoka hewa tupu. Mgeni anasema hanisikii, mimi namsikia vizuri kabisa. Bosi kanivumilia kidogo, halafu akanihamishia kwenye kubandika risiti, na kamisheni ya msimu mzima wakagawana wenzangu. Ile hela sijaipata mpaka leo na sitaipata. Ada ya yule bwana ukiilinganisha na hapo ilikuwa hela ya vocha.

Nikaenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Akapitisha kamera nyembamba puani, nikaziona mwenyewe kwenye skrini: nyuzi mbili ambazo zinatakiwa kuwa nyeupe, zimekuwa nyekundu, zimevimba, zikikutana zinaacha mwanya. Akasema ningeendelea hivyo hivyo ningeota vinundu. Akaniuliza huwa napiga kelele wapi. Nikasema kwaya. (Kwaya ishanibebea uongo mwingi hapa mjini, Mungu ananijua.) Na hili liwe la kila mtu: sauti ikikwaruza ikapita wiki nne bila kupona, usisubiri, nenda wakachungulie.

Nilipomwambia yule bwana nimepoteza sauti, unajua alijibu nini? "Hukuwa na nidhamu." Mimi! Niliyesoma msimamo wa ligi nzima kwa falseto, ile sauti nyembamba ya juu! Halafu kuna siku mtu nisiyemfahamu kabisa akanitumia voisi ananiuliza kama huyu ni mimi. Kumbe zile rekodi alizokuwa akichukua "kufuatilia maendeleo" alikuwa anawachezea wateja wapya, kabla na baada. Kwa mambo yetu haya, katika mji huu ambao kila mtu ni binamu wa mtu, alikuwa anatembeza sauti yangu kwenye simu yake kama tangazo. Nilibadilisha laini. Naishia hapo, maana nikiendelea modereta atanifungia.

Sasa sikia. Vyeti sijui, uzoefu sijui, "nimefundisha wasanii wakubwa" sijui, weka pembeni vyote. Kipimo changu ni kimoja. Omba somo moja la kujaribu, ulilipie peke yake. Katikati ya zoezi, hata kama huumwi popote, simama useme: "Naomba tusimame, koo linauma." Danganya. Halafu nyamaza umtazame.

Anayejua kazi atasimama hapo hapo. Atakuuliza panauma wapi, juu au pembeni, ni kuchoka au ni kuchoma, limeanza sasa au tangu jana. Atakupa maji, atashusha zoezi au atalibadilisha kabisa, na hatakununia. Anayecheka, anayesema vumilia, anayekuombea, anayeingiza mkono mfukoni kutoa tangawizi: chukua mkoba wako uondoke. Na nimegundua kitu, asiyesimama ukisema inauma hasimami pia ukisema usinirekodi, usiniite jina lile, usimwambie fulani. Ni mtu yule yule.

Niliyenaye sasa ni mtaalamu wa tiba ya usemi, tunaonana kwa video, anaongea Kiswahili. Nilimfanyia mtihani huo huo. Alisimama kabla sijamaliza sentensi, nikaona aibu nikamwambia nilikuwa namjaribu, akacheka akasema niwajaribu wote. Somo la kwanza lote lilikuwa maswali: nakunywa maji kiasi gani, kiungulia ninacho, navuta, naongea saa ngapi kwa siku, nataka nisikike vipi, na wapi nataka nisikike hivyo na wapi sitaki. Ndivyo inavyotakiwa. Hata ule mwongozo wa WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu wa jinsia kama yetu, toleo la 8 la mwaka 2022, una sura nzima ya sauti na mawasiliano, na unaanzia kwenye kupima sauti uliyonayo na unayoitaka ndipo upangiwe mazoezi. Yule wa kinanda alikuwa anautaja taja huo mwongozo. Nadhani aliona jalada.

Hezi hatukuzigusa mwanzoni. Tulianza na mrija: unauzamisha kidogo kwenye glasi ya maji, unapuliza mapovu huku unatoa sauti laini, nyuzi zinafanya kazi bila kugongana kwa nguvu. Nilijiona mjinga, ila haikuuma. Kisha mwangwi, yaani nafasi ya kutoka kooni mpaka midomoni. Watu wawili wanaweza kuongea kwa hezi zile zile, mmoja ukamwita kaka na mwingine dada, kwa sababu ya hiyo nafasi. Sema "mimi", sikia ulimi ulivyokuja mbele na sauti ilivyong'aa. Sema "uhuru", sikia ilivyorudi nyuma ikawa nzito. Kazi yenyewe ni kuubeba ule mng'ao wa "mimi" mpaka kwenye "uhuru", kidogo kidogo. Shikamoo ndiyo ilinitesa. Inaishia kwenye ile "oo" na sauti yangu ilikuwa inadondoka nayo mpaka chini kabisa, na huku uswahilini hupiti kwa mzee bila kuitoa. Tumeifanyia kazi hiyo salamu moja kuliko jina langu. Siku mangi wa dukani kwetu aliponiitikia "marahaba dada, nikupe nini?" bila kuinua macho kwenye simu yake, nilisahau nilichofuata, nikanunua kiberiti.

Na bado naendelea, mwezi mmoja ulishapita zamani. Anayekuuzia mwezi mmoja anakuuzia kubana koo. Na wale wa inboksi wenye dawa ya kulainisha sauti, msiwatumie kitu: estrojeni haipunguzi unene wa sauti iliyokwisha kuvunjika wakati wa balehe, sembuse unga wa kwenye chupa ya maji. Testosteroni ndiyo inanenepesha nyuzi, kwa hiyo ndugu zetu wa upande ule, waliozaliwa wakaitwa wasichana na wanaitumia, sauti inashuka yenyewe, lakini nao inawakatika katika na wanahitaji mtu wa kuwaongoza. Nao wadanganye kwamba inauma.

Ulikuwa umeuliza na programu za simu. Ile ya kupimia gitaa inakuonyesha noti, basi, haikwambii kama unabana. Na nyumbani useme unakwenda wapi... hilo wadau wengine wamsaidie, mimi nina kwaya tu.

Kama hela ulishatuma, mpigie leo useme umeghairi, urudishiwe. Asiporudisha, isamehe, lakini usiende. Na kama amekuchukua hata kipande kimoja cha sauti, mfuate akifute ukiwa umesimama pembeni yake, na kule kwenye vilivyofutwa aingie afute pia. Yule wangu nilimwamini aliposema ameshafuta.

Haya, salamu. Mambo vipi?