Ardhi ya mababu ikidaiwa: maswali yenu, majibu yetu

Waogiek, jamii ya Kenya iliyoishi tangu zamani kwa uwindaji na asali ya msituni, walishinda kesi Arusha. Mbona bado wanabomolewa nyumba?

Mahakama huamua, lakini haina wapimaji ardhi wala polisi. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek ilipowaondoa katika msitu wa Mau. Tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru ardhi yao ipimwe na hatimiliki ya pamoja itolewe ndani ya miaka 2. Muda huo haujaisha, Novemba 2023, nyumba zikabomolewa tena huko Sasimwani, Narok. Linauma, na sina namna ya kulipamba. Kilichobaki ni kuibana serikali kila anaposimama kiongozi kuomba kura: hatimiliki iko wapi?

Je, zile fidia za shilingi 157,850,000 ambazo Kenya iliamriwa kuwalipa Waogiek zitagawanywa kwa kila familia?

La. Milioni 57.85 ni za hasara ya mali, milioni 100 ni za machungu, na zote mahakama iliagiza ziingie katika mfuko wa maendeleo ya jamii. Tukigawana nyumba kwa nyumba, zitaliwa kabla ya mvua zijazo.

Tumejengewa shule na zahanati. Bado tudai ardhi?

Daini. Shule na zahanati ni haki ya kila raia, si bei ya ardhi ya mtu. Watazameni Waendorois, jamii ya wafugaji wa Kenya. Walipoondolewa kando ya Ziwa Bogoria miaka ya 1970 ili pawe hifadhi ya wanyama, hawakupoteza malisho tu. Ng'ombe walikosa mahali pa kulamba chumvi, wazee wakakosa pa kuombea, na mitishamba ya dawa ikabaki upande wa pili wa mpaka. Zahanati gani ingerudisha hayo yote? Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika uamuzi uliotangazwa 2010, ilisema haki yao ya maendeleo pia imevunjwa, maana maendeleo ni pamoja na watu kujichagulia wenyewe maisha yao. Kila nikisikia mtu akisema "tumewapelekea maendeleo", mimi huuliza: mliwasikiliza kwanza?

Wanasema tukirudi, msitu utakwisha.

Hoja hiyo ilipelekwa mahakamani ikashindwa. Serikali haikuthibitisha kwamba Waogiek ndio waliouharibu Mau. Anayetundika mizinga anahitaji miti iwe hai na ichanue. Bila maua hakuna asali. Katiba ya 2010 nayo, kifungu cha 63, inahesabu ardhi ya mababu ya jamii za wawindaji na wakusanyaji kuwa ardhi ya jamii.

Nimeolewa katika jamii hii. Kwenye mkutano wa ardhi naambiwa ninyamaze.

Dada yangu, usinyamaze. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, aliyeolewa na mwanajamii ni mwanajamii, na ubaguzi wa jinsia umekatazwa. Hakikisha jina lako limo katika daftari la wanajamii kabla hujabishana na mtu yeyote. Wengi huachwa nje hapo hapo, kimya kimya, wakaja kujua siku ya kupiga kura.

Wazee watatu wametia saini mkataba na mwekezaji. Je, mkataba huo unatufunga?

Saini za wazee watatu hazitoshi. Mkataba wa uwekezaji kwenye ardhi ya jamii iliyosajiliwa unataka mashauriano ya wazi na kukubaliwa na thuluthi mbili ya mkutano mkuu, yaani watu wazima wote wa jamii, wanawake na vijana wakiwemo. Heshima ya mzee ni kubwa, nami sikufundishi kumvunjia, lakini uteuzi wa ukoo haumpi mamlaka ya kuuza malisho ya wajukuu wasioulizwa. Ombeni kumbukumbu za kikao na orodha ya waliohudhuria. Mkinyimwa, peleka malalamiko yenu kwa maandishi kwa msajili wa ardhi ya jamii, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri.